Baloji, Mzaliwa wa Lubumbashi, na Jina Alilopewa

Katika darasa moja hapa Karavia, mtoto mmoja alikaa peke yake katika benchi la watu watatu kwa muda wa miezi miwili. Hakuna mwalimu aliyemwamuru kukaa hivyo. Wenzake ndio waliomhama, mmoja mmoja, tangu siku ile alipoanguka kwa kifafa mbele ya ubao. Tena nyumbani kwao neno lilikuwa limekwisha kutangulia: shangazi yake alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, na watu wakatazamana, wakasema kwa sauti ya chini neno ambalo kila mtu wa Katanga alijua: muloji, yaani mchawi. Nasi tuliokuwa walimu tuliliona benchi lile, tukaendelea na hesabu.

Twaanza na aibu hii yetu wenyewe kwa sababu leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtu mmoja mzaliwa wa mji huu, ambaye tangu utoto amelibeba neno lile lile walilotupiwa mtoto wa darasani. Yeye halikuwa tusi lake tu, lilikuwa jina lake. Hakulitupa, wala hakujificha nyuma ya jina jingine. Alilichukua, akaliimba, kisha akalitengenezea filamu iliyotazamwa katika nchi nyingi. Mtu huyo ni Baloji.

MTOTO ALIYEONDOKA MAPEMA

Baloji Tshiani alizaliwa Lubumbashi tarehe 12 Septemba 1978. Wakati ule nchi yetu iliitwa Zaire, na jimbo letu liliitwa Shaba. Alipokuwa bado mtoto mdogo wa miaka mitatu hivi, baba yake, aliyekuwa mtu wa biashara, alimpeleka Ubelgiji. Mama yake alibaki Kongo. Tangu siku hiyo mama na mwana hawakuonana kwa zaidi ya miaka 20. Mtoto alikulia kwanza Ostend, mji wa pwani, na baadaye Liège, mji uliojulikana zamani kwa makaa ya mawe na viwanda vya chuma, kama wetu ulivyojulikana kwa shaba.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Katika Kiluba muloji ni mchawi mmoja, na baloji ni wachawi wengi. Wasomaji wa pwani watalitambua neno hili mara moja, kwa maana wao husema mlozi na walozi. Maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hapo kale jina hilo lilikuwa na heshima, lilimtaja mtu mwenye elimu, na kwamba maana yake iligeuzwa katika siku za ukoloni. Hata hivyo sisi tuishio huku twajua mambo yalivyo leo. Kijana akilitaja jina kama hilo mbele ya wazee, watu hunyamaza kidogo kabla ya kumkaribisha kiti. Jina halimpigi mtu fimbo, lakini laweza kumfungia milango mingi.

WAHUNI WALIOJIITA KINYUMENYUME

Baloji aliondoka nyumbani kwa baba yake angali kijana, akajiunga na vijana wa Liège walioimba muziki wa rap, yaani ule wa kusema maneno ya vina kwa haraka juu ya mdundo wa ngoma. Kundi lao liliitwa Starflam. Msomaji ajuaye Kifaransa na aandike herufi za neno hilo kuanzia mwisho, naye atapata neno malfrats, maana yake wahuni. Vijana hao, wengi wao watoto wa wageni, walikuwa wakiitwa wahuni barabarani. Basi walilitwaa tusi lile, wakaligeuza kinyumenyume, wakalifanya kuwa bendera yao. Sahani yao iliyoitwa Survivant, ya mwaka 2001, ilipendwa sana Ubelgiji.

Hapo Baloji alijifunza kazi ambayo hajaiacha hata leo, yaani kazi ya maneno. Watu wengi hudhani kwamba mtengenezaji wa sinema ni mtu wa mashine tu. Si hivyo. Kabla ya picha kuna maandishi, na kabla ya maandishi kuna mtu aliyekaa peke yake akipima neno baada ya neno. Mwaka 2004 Baloji aliachana na kundi lake, na kwa muda ilionekana kwamba angeuacha hata muziki wenyewe.

BARUA YA MAMA

Ndipo ikafika barua. Mama yake, aliyekuwa Lubumbashi, alikuwa amempata mwanawe kwa maandishi baada ya miaka ile yote. Twawaomba wasomaji wetu, hasa akina mama, wafikiri kidogo juu ya karatasi hiyo. Mwanamke alimwaga mtoto asiyejua bado kutamka maneno vizuri. Sasa amwandikia mwanamume mzima ambaye uso wake haujui.

Baloji alijibu kwa namna aliyoiweza. Alitunga sahani nzima ya nyimbo, Hotel Impala, iliyotoka mwaka 2007, ambamo amsimulia mama yake maisha yote ambayo mama hakuyaona: shule, barabara, ugomvi na baba, upweke wa mtoto mweusi katika mji wa baridi. Kisha mwaka 2018 akatoa sahani nyingine aliyoiita 137 Avenue Kaniama. Kwa mtu wa ng'ambo jina hilo ni maneno tu, bali mtu wa Lubumbashi aona kwamba ni anwani. Ndiyo anwani iliyomrudisha kwa mama yake. Tumesikia nyimbo nyingi zenye majina ya wapenzi na ya miji mikubwa. Ni nadra kusikia sahani iliyopewa jina la nyumba moja, nambari na barabara, kwa sababu ndani yake alikaa mama.

Katikati ya kazi hizo mbili alikuja Kongo kurekodi na wanamuziki wa Kinshasa, na matunda yake yakaitwa Kinshasa Succursale. Mwaka 2010, nchi yetu ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, aliurudia kwa namna yake wimbo wa mwaka 1960 wa Joseph Kabasele, Indépendance Cha Cha, ambao wazee wetu waliucheza siku zile za furaha. Yeye aliupa jina la Kifaransa na la Kiswahili pia: Siku ya Baadaye. Sherehe ilikuwa nzuri, lakini je, siku ya baadaye ilikuwaje? Hilo ni swali la mwana kwa wazee wake, nalo aliliuliza kwa adabu, akiukalia wimbo wao wenyewe.

KUTOKA WIMBO HADI SINEMA

Mtu wa maneno hufikaje kwenye sinema? Afrika imekwisha kuiona safari hii. Sembène Ousmane wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2007, alikuwa mwandishi wa riwaya mwenye sifa. Kitabu chake juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli kilitoka mwaka 1960. Lakini aliona kwamba watu aliowaandikia, wengi wao hawakujua kusoma Kifaransa. Basi akaenda kujifunza kazi ya sinema, na mwaka 1966 akatoa filamu yake La Noire de... Upande wetu wa mashariki ya Kongo, Bukavu ilimzaa mwaka 1950 Mwezé Ngangura, ambaye filamu yake Pièces d'identités ilipata mwaka 1999 tuzo kubwa ya Ouagadougou, Farasi wa Yennenga. Hao ndio kaka waliotangulia.

Wala tusisahau kwamba kabla yao sinema katika Kongo ilishikwa sana na wamisionari. Padre Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alitengeneza filamu Léopoldville, na katika Kasai Padre Albert Van Haelst aliwachekesha watu kwa vituko vya Matamata na Pilipili katika miaka ya 1950. Filamu hizo zilionyeshwa usiku kwa shuka nyeupe katika viwanja vya misioni, na zilileta furaha nyingi. Lakini aliyeshika mashine alikuwa mgeni, na Mwafrika alikuwa ndiye atazamwaye. Ilitubidi kungoja ili mwana wa nyumbani aishike mashine mwenyewe.

Baloji hakusoma chuo cha sinema. Alianza kwa kutengeneza filamu fupi za kufuatana na nyimbo zake, akichora mavazi na kupanga rangi yeye mwenyewe. Filamu yake fupi Zombies, ya mwaka 2019, ilimwonyesha kuwa mtu wa kutazamwa. Lakini kwa filamu ndefu mambo yalikuwa magumu. Aliandika, akaomba fedha, akakataliwa. Akaandika tena, akakataliwa tena. Hayo yaliendelea kwa miaka. Wanafunzi wetu waliokata tamaa kwa sababu ya mtihani mmoja na wayasome maneno haya mara mbili.

FILAMU YA AUGURE

Hatimaye, mwezi wa Mei 2023, filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, yaani Ishara ya Mambo Yajayo, ilionyeshwa katika mashindano makubwa ya sinema ya Cannes, Ufaransa, nayo ikapata katika sehemu iitwayo Un Certain Regard tuzo ya Sauti Mpya. Ubelgiji iliichagua iende Marekani kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa Kinshasa na hapa Lubumbashi, na mchezaji wake mkuu, Marc Zinga, alizaliwa Likasi, mji jirani. Kiswahili chetu nacho kimo ndani yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Koffi, kijana wa Kikongo akaaye Ubelgiji, arudi nyumbani pamoja na Alice, mwenzake Mzungu aliye mja mzito. Ataka kumjulisha kwa wazazi na kutoa mahari kama ipasavyo. Amekata nywele zake ili asiwaudhi wazee, na amejizoeza Kiswahili. Lakini Koffi alizaliwa na alama usoni, na kwa sababu ya alama hiyo mama yake, Mama Mujila, alimwita zabolo, yaani mtu wa shetani, akamtenga naye. Afika uwanja wa ndege, hakuna aliyekuja kumpokea. Afika nyumbani, ampakata mtoto mchanga wa jamaa, na damu yamtoka puani, yamdondokea mtoto. Basi yatosha! Nyumba yote yalipuka kwa makelele. Wamkamata, wamfanyia matambiko ya kumtoa pepo, wamvika kinyago cha mti na kukipigilia misumari.

Filamu hii ina watu wanne wakuu, nao wote wanne wameitwa wachawi kwa njia moja au nyingine: Koffi mwenyewe, Tshala dada yake, asiyetaka kuishi kama walivyoishi akina mama wa ukoo, Paco, mtoto wa barabarani anayemlilia dada yake aliyekufa, na huyo Mama Mujila. Hapo ndipo ilipo hekima ya kazi hii. Mtazamaji aanza kwa kumchukia mama yule mwenye moyo mgumu. Halafu polepole agundua kwamba mama naye aliwahi kuitwa hivyo hivyo. Neno alilomtupia mwanawe alikuwa ametupiwa yeye kwanza. Ndivyo ubaya huu uendavyo: hurithishwa kama chungu cha nyumbani, kutoka mkono hadi mkono, wala hakuna aulizaye nani alikifinyanga.

Baloji alitunga pia nyimbo kwa kila mmoja wa hao wanne, kila sehemu ikisema kwa moyo wa mtu mmoja. Mwandishi mwema wa riwaya hufanya hivyo hivyo: hampi mtu mmoja haki yote na mwingine makosa yote.

Yatupasa kuwaambia wazazi waziwazi kwamba filamu hii si ya watoto. Ina mambo ya watu wazima, na picha nyingine ni za kutisha. Lakini mtu mzima aitazamaye kwa moyo mtulivu hatatoka bure. Baba Mtakatifu Pius wa 11 katika barua yake ya mwaka 1936, na Pius wa 12 katika ile ya mwaka 1957, waliwafundisha Wakristu wasiikimbie sinema wala kuimeza bila kutafuna, bali waipime. Nasi twaipima hii, na twaona kwamba yatuuliza swali la kweli.

SWALI LATUHUSU

Wengine watasema: Hayo ni mambo ya wapagani, au ya madhehebu yale madogo yenye vipaza sauti. La hasha! Twawajua watu wapokeao Komunyo siku ya Dominika, na siku ya Jumatatu wakipatwa na msiba humtafuta mtoto wa kumlaumu. Na mara nyingi hupatikana yatima, au mtoto wa kambo, au mwenye ugonjwa. Barabara za Lubumbashi zina watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja. Mapadre na mabruda wa Don Bosco, ambao shirika lao lilifika mjini hapa mwaka 1911, wamewafungulia watoto wa barabarani nyumba ya Bakanja. Lakini nyumba ya watawa haiwezi kuchukua mahali pa mama.

Sheria ya nchi iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yaweka adhabu ya kifungo kwa mtu amtangaziaye mtoto uchawi mbele ya watu. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni ya 1172, haimruhusu mtu yeyote kumpunga mwenye pepo isipokuwa padre aliyepewa ruhusa ya pekee na ya wazi na Askofu wa mahali. Kwa hiyo mtu amwekaye mtoto katika chumba cha maombi, akamnyima chakula na kumchoma kwa mishumaa, hafanyi kazi ya Mungu, hata kama ameshika Biblia mkononi.

Na Injili yasemaje? Mtakatifu Yohane atusimulia katika sura ya 9 habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walimwuliza Bwana nani aliyekosa, kipofu au wazazi wake. Walitaka jina la mwenye hatia. Bwana aliwakatalia yote mawili, akainama, akafanya tope, akamponya yule mtu. Sisi twapenda kuuliza swali la wanafunzi. Kazi ya Bwana twaiacha.

Ugonjwa wa kifafa, kwa mfano, una dawa. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba katika wagonjwa 100, hata 70 wangeweza kuishi bila kuanguka tena kama wangetibiwa vizuri. Vidonge hivyo humezwa kila siku, wala si vya bei ya kutisha. Mtoto anyimwaye dawa kwa sababu watu wamshuku uchawi, aumizwa mara mbili.

BENCHI LA KARAVIA

Turudi sasa darasani. Asubuhi moja, katika juma la tisa, nkambo wa mtoto yule, bibi aliyemlea, aligonga mlango tukiwa katikati ya somo. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Misa.

“Jambo, Bwana Mwalimu.”

“Jambo, Mama. Karibu. Kuna neno?”

“Hakuna neno. Nimekuja kusoma.”

Akapita kati ya mabenchi, akaketi kando ya mjukuu wake, akaweka mikono juu ya meza. Alikaa hapo hata kengele ya mapumziko. Hakusema kitu, nasi hatukuthubutu kumwondoa. Kesho yake alikuja tena. Siku ya tatu, kabla hajafika, msichana mmoja alichukua daftari zake, akahamia benchi lile, akasema kwamba nkambo ni mzee na safari ya kutoka kwao ni ndefu. Mtoto yule sasa ameza dawa za kituo cha afya, na muda mrefu umepita bila kuanguka. Lakini somo la siku zile lilifundishwa na mwanamke asiyejua kusoma, na walimu ndio waliojifunza.

Twasema basi: si kila mtu aweza kutengeneza filamu ya kwenda Cannes. Kipaji cha Baloji ni chake, Mungu amempa. Lakini kile alichokifanya kwa miaka mingi ya nyimbo na picha, bibi yule alikifanya kwa asubuhi mbili: walikwenda wote wawili kuketi mahali ambapo watu walikuwa wamepahama.

Katika Kiswahili, jina la Baloji lakaribiana kwa sauti na neno balozi, ingawa hayana asili moja. Mwenye jina la walozi amekuwa balozi wa mji wake mbele ya mataifa. Na sisi, wasomaji wapenzi, jioni hii tutakapowaita watoto wetu waje kula, tutawaita kwa jina gani?